Ngolo za Kilian

Ndani ya gari la abiria Hedwiga alijifanya amesinzia, lakini masikio yalikuwa kiti cha mbele. Mama mmoja wa kijiji cha Ruanda alikuwa akimsimulia mzee wa Kihagara, kando ya ziwa, habari za mwanawe Kilian, askari aliyeuawa vitani ng'ambo.

"Likizo yake ya mwisho alinipangia nyasi miraba miraba mlimani, huku akiimba. Mimi nikazifukia kwa udongo, tukapata ngolo nzuri, mashimo yamejipanga mlima mzima. Mwaka huu yale mashimo yanatakiwa kuvunjwa, yapangwe upya. Siwezi, mzee wangu. Ile ni kazi ya mikono yake."

"Usipovunja, shamba litachoka, mama. Mwanao angekucheka."

"Angecheka, ndiyo. Alizoea kunicheka."

"Wangu alizama ziwani. Wavu wake anavulia mdogo wake hadi leo."

"Wavu hauvunjwi, mzee. Unashonwa."

Hedwiga alikuwa amesahau kujifanya amesinzia.

"Basi liache shimo moja," mzee akasema.

"Lipi? Yote aliyapima yeye."

Gari likasimama Ruanda. Mama akashuka, akanyoosha mkono dirishani, na mzee akampitishia jembe jipya ambalo mama alilinunua Mbinga asubuhi ile, likiwa bado ndani ya karatasi yake.