Baiskeli ya Musiu

Benchi la Bondeni lilikuwa taruma la reli, gogo la kubebea vyuma, lililolazwa juu ya mapipa mawili ya lami, na halikuwahi kukaa tupu tangu Alamin alipohamishia dele lake la kahawa pale. Lilitazamana na karakana ya Darweshi, fundi baiskeli, kwa hiyo aliyeleta pancha aliondoka na habari za mji pia. Mwaka ule wa hamsini na tano Nakuru ilikuwa na mengi ya kusemwa: vipande vya kitambulisho vinakaguliwa kila kona, mtu anachukuliwa asubuhi, jioni mkewe anazunguka akiuliza. Lakini hayo yalisemwa kwa kunong'ona. Jambo lililosemwa kwa sauti Jumamosi ile alasiri lilikuwa na magurudumu mawili, kengele na taa.

— Amepita tena! alisema Hemed, ambaye kijiwe kilimwita Redio kwa sababu akishafunguliwa hazimiki.

— Nimeona, alisema Darweshi bila kuinua kichwa.

— Umeona yale madigadi? Unaweza kujiangalia ndani ukanyoa ndevu.

— Redio, nimesema nimeona!

Aliyepita alikuwa Odero, fundi mashine wa reli, juu ya baiskeli ya Kifaransa ya tangu kabla ya vita. Nakuru nzima ilizoea baiskeli za Kiingereza, nyeusi na nzito, usukani umenyooka. Hii ilikuwa rangi ya samli. Usukani wake uliinamia chini kama pembe za kondoo dume, madigadi yalikuwa ya alumini, na mnyororo wake uliruka kutoka meno makubwa kwenda madogo mtu akisukuma kijiti tu. Ikipita haikulia kwata-kwata. Ililia tsss, basi.

Darweshi aliionea wivu. Tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe asingelisema. Ule mlio wa tsss ulimwingia kifuani kila jioni, na usiku aliusikia tena bila baiskeli.

— Mimi nauliza tu, alisema Redio. Fitter wa reli anapata wapi baiskeli ya Mzungu?

— Ya Musiu, alisema Kiprugut, aliyeitwa Maziwa kwa sababu aliteremsha maziwa mjini kila asubuhi kwa baiskeli yake, mitungi miwili nyuma. Ni ya yule Mfaransa wa Bahati. Mimi nilikuwa naiona kwa store yake, kuku imelala juu.

— Basi imeibwa.

— Mimi sijasema imeibwa.

— Wewe umesema ni ya Musiu, na Musiu hayuko. Mali ya mtu ambaye hayuko inaitwaje?

Aliyejibu alikuwa Hezekiah. Huyu aliwaandikia watu barua na maombi pale sokoni, kwa hiyo aliitwa Karani, na kila neno lake alilipigia muhuri wa methali.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingia wapi, Karani?

— Hujaona usukani? Mpaka uiname. Hiyo ni baiskeli ya kuingilia mvunguni mwa watu.

Benchi lilicheka. Darweshi naye alicheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mchana.

— Na vile inakimbia! alisema Maziwa. Juzi Gilgil iliacha treni.

— Treni ya abiria au ya mizigo?

— Ya abiria. Abiria wakatoa vichwa kwa dirisha. Mimi nilikuwa huko na mitungi yangu, nikashangaa mpaka maziwa ikaganda.

— Na mlima wa Bahati je?

— Hapo yeye hapigi pedeli kabisa. Anakunja mikono, baiskeli inapanda yenyewe.

— Mpanda ngazi hushuka, alisema Karani kwa uchungu. Ndiyo maana wameiwekea breki mbili.

— Lakini nguvu hiyo inatoka wapi? aliuliza Redio. Ndiyo swali langu.

— Kwa ile chupa ndogo inayosugua tairi, alisema Karani. Mnadhani ni ya taa? Mle ndani kuna simu ya upepo. Anaongea na Wafaransa.

— Anawaambia nini?

— Yote tunayosema hapa.

Kila mtu benchini alianza kukumbuka aliyowahi kusema pale. Alamin alizungusha kahawa. Kwenye ncha ya taruma alikaa mgeni mmoja, koti la kijivu, kofia mapajani, ambaye alikuwa kwenye kikombe cha pili na hajasema zaidi ya salamu. Wageni walikuwa wengi Nakuru siku hizo na hakuna aliyemjali.

Darweshi alikuwa akisuka spoki na kusikiliza. Neno moja lake lingemaliza mjadala wote, maana baiskeli ile aliijua kuliko wote. Iliingia karakana yake kwanza. Musiu mwenyewe ndiye aliyeishusha kutoka kwenye lori, akiwa na Odero, wiki ile alipokuwa akifunga shamba arudi kwao. Miaka mitatu Odero alikuwa akipanda Bahati kila Jumapili kumtengenezea pampu ya maji. Musiu akamshika Odero bega, akamwambia Darweshi kwa kile Kiswahili chake cha puani: "Fundi, hii mimi napanda wakati mimi kijana. Sasa ya Odero. Wewe tengeneza."

Darweshi alitengeneza nini! Alikwama kwenye kikombe cha chuma pale mhimili wa pedeli unapopitia, upande wa kulia. Baba yake, fundi aliyemtangulia, alimwachia kanuni moja: kikombe cha kulia hufungukia kulia. Kwa miaka ishirini kanuni hiyo haikumwangusha. Alikizungusha kulia kwa spana, akakizungusha kulia kwa spana na bomba, akamwaga mafuta ya taa, akasoma Kulhuwallahu, akakizungusha kulia tena. Siku tatu. Siku ya nne akamwambia Odero, "Chuma hii imekufa. Kaizike." Odero hakubisha. Aliiweka begani akaenda nayo.

Miezi minne baadaye chuma kilichokufa kilipita mbele ya benchi kikisema tsss. Odero alikuwa amekwangua kutu kwa msasa Jumapili baada ya Jumapili, akanyoosha spoki moja moja, akashona kiti kwa ngozi ya mkanda wa mashine. Tairi za madukani zilikataa kukaa kwenye ringi za Kifaransa, zilikuwa kubwa kidogo. Akakata waya wa ndani, akaupunguza, akauunga upya. Mambo hayo Darweshi aliyaona kwa jicho la pembeni, na kila alichokiona kilikuwa kazi safi. Hapo ndipo palipomuuma. Na wiki hii mtu wa pili alikuwa amechungulia karakanani, akaangalia baiskeli yake mbovu, akasema, "Ngoja kwanza nimwonyeshe Odero."

— Fundi, mbona umekaa kimya? aliuliza Redio. Wewe ndiye mwenye elimu. Chuma kama kile kinafufuka?

Darweshi alijua anachopaswa kusema.

— Mimi sisemi kitu, alisema. Ila ninavyojua mimi, chuma kikishakufa, mtu wa kawaida hakifufui.

— Si mmeyasikia! alisema Redio akijipiga paja. Mtu wa kawaida! Sasa niwaulize. Huyo Musiu, nani alimwona akipanda treni?

— Mimi sikumwona, alisema Maziwa.

— Karani?

— Sikumwona. Na mfa maji haachi kutapatapa.

— Hakuna aliyemwona! Mzungu mzima, na tumbo lile, anaondoka Nakuru bila kuonekana? Wazee, Musiu hakusafiri. Musiu yuko Bahati. Yuko chini.

— Chini ya nini?

— Chini ya pampu. Nani alikuwa akichimba pale kwa pampu kila Jumapili?

Maziwa aliweka kikombe chini. Karani alitafuta methali akaikosa. Darweshi, aliyepungiwa kofia na Musiu siku ile ya treni, alikaza spoki iliyokwisha kukazwa. Alijiambia ni porojo tu, na porojo ya kijiweni huishia kijiweni.

— Samahani, wazee, alisema mgeni wa koti la kijivu. Kati yenu, nani aliona Odero akiiba?

Redio alimtazama Maziwa. Maziwa alimtazama Karani. Karani alitazama ndani ya kikombe chake.

— Ni vile watu wanasema, alisema Redio.

— Watu gani?

— Watu... wa hapa.

— Ndio nyinyi. Mgeni alivaa kofia yake, na alipofunua koti, kila mtu aliona mkanda wa polisi, naye akasema: Mimi ni Sajini Jonah. Hii maneno yenu ilifika stesheni ya polisi tangu juzi: baiskeli, Mzungu hayuko; leo imeongezeka shimo la pampu. Nimeambiwa nichukue huyo Odero leo, yeye na baiskeli. Nikaona kwanza nije nikae mahali maneno inatoka. Sasa nauliza mara ya mwisho. Nani anajua alivyoipata?

Redio, ambaye hazimiki, alizimika.

Swali lilikuwa la Darweshi peke yake. Alitazama barabara, upande wa stesheni ya reli, ambako Odero angetokea wakati wowote. Watu waliochukuliwa mwaka ule hawakurudi upesi, na wengine hawakurudi. Akinyamaza, kesho hakutakuwa na tsss. Hakuna mtu atakayechungulia karakanani na kwenda zake. Mtaa utakuwa wake tena kama ulivyokuwa wa baba yake. Ni aibu kulisema, lakini kwa muda wa kumeza funda moja la kahawa, wazo hilo lilimpendeza.

Kisha likamtisha.

— Mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Mimi najua, Afande. Alipewa. Musiu mwenyewe aliileta hapa, kwa lori yake, akaniambia kwa mdomo wake ni ya Odero. Na safari alisafiri. Siku ya treni alipita hapa akanipungia kofia. Nilimwona kwa macho haya.

— Fundi! alisema Redio. Na siku zote hizi tunasema wewe uko hapo hapo?

— Nilikuwa hapo hapo.

Sajini alitoa kijitabu, akaandika taratibu, akiuliza tarehe, rangi ya lori, maneno ya Mzungu. Darweshi alijibu yote. Aliweka alama ya jina lake chini. Sajini alifunga kijitabu, akasimama, halafu kama mtu aliyesahau kitu akageuka.

— Lakini, fundi, kama Mzungu alikuambia wewe uitengeneze, mbona hukuitengeneza?

Hilo ndilo swali ambalo Darweshi alikuwa amelizungushia ukuta kwa miezi yote hiyo. Benchi zima lilimwangalia. Alamin aliinamisha dele, likatoa tone moja na mashapo ya kahawa.

— Ilinishinda, alisema Darweshi.

Hakuna aliyecheka. Sajini aliitikia kwa kichwa, akashika njia ya stesheni yake ya polisi, na hakupita upande wa reli.

Sajini alikuwa hata hajafika kona Odero alipotokea, suruali imebanwa kwa kibanio, anateleza kwa mguu mmoja kwenye pedeli. Hakujua lolote. Aliwasalimu wote kwa majina yao, na benchi kwa aibu likamwitikia kuliko siku zote. Maziwa alimpisha kiti, akamwita mzee kwa Kijaluo.

— Kaa, jaduong, kaa hapa.

— Sikai, bwana. Napita tu. Fundi, jioni njema.

— Odero, alisema Darweshi. Kile kikombe. Cha kulia. Ulikifunguaje?

— Kile? Odero alicheka kidogo, bila ubaya. Nilizungusha kushoto.

— Kushoto! Cha kulia?

— Ee. Hawa Wafaransa yao iko hivyo, pande zote mbili. Mimi sikujua, lakini wewe ulikuwa umezungusha kulia siku tatu, na wewe ni fundi. Nikasema basi, kama fundi amemaliza kulia, kulia hakuna kitu. Ilikuwa imekaza kweli! Nilitoa jasho.

Siku tatu. Spana na bomba, mafuta ya taa na Kulhuwallahu, siku tatu nzima alikuwa akikikaza. Darweshi alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena, na moyoni wivu ulikuwa pale pale, haujapungua hata chembe, ila sasa hakuwa na mtu wa kumwekea.

— Hujawahi kuipanda, fundi, alisema Odero, akashuka na kumsukumia usukani. Jaribu. Nenda mpaka sokoni urudi.

— Mimi nina kazi.

— Panda, Darweshi, alisema Alamin. Kahawa yenyewe imekwisha.

Alipanda. Alitelemka mtaa mzima akiinama juu ya zile pembe, akazunguka soko, akarudi, akapita benchi bila kusimama, akaenda tena. Alisukuma kijiti, mnyororo ukaruka, na chini yake ukatoka ule mlio, sasa kutoka kwake mwenyewe. Mara ya tatu Redio aliingia katikati ya barabara na kunyoosha mikono.

— Fundi! Tuambie basi! Ikoje?

— Nzito, alisema Darweshi, na hakushuka.