Wasifu wa Mama Brashi, Aliyemsafisha Ndege wa Kale

Mpendwa wetu, aliyejulikana na wengi kama Mama Brashi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu wa fundi cherehani.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1967. Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba mikono yake ina subira, ila mdomo hauna breki. Hakubadilika.

Juni 1974 aliajiriwa makumbusho kama mfagiaji. Siku moja alimkuta fundi akihangaika kutoa mchanga kwenye mfupa uliogeuka jiwe. "Hebu nipishe, kaka," alisema, akachomoa sindano ya kushonea kwenye kola yake. Hakurudi tena kwenye ufagio. Hadi 1980, kwa sindano na brashi, alikuwa akimsafisha ndege wa kale asiyeruka, mrefu kama mlango. Mifupa midogo iliyokutwa chini ya mbavu zake aliiandikia kibao: "Mlo wake wa mwisho."

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na seremala aliyemtengenezea ndege huyo jukwaa. Posa ilikuwa fupi: "Wewe una mifupa, mimi nina mbao. Tunangoja nini?" Walijaliwa mabinti wawili.

Alistaafu mwaka 2012. Mapema 2019 figo zilianza kumsumbua. Siku moja akitoka kliniki alipita ukumbini pale makumbusho na lenzi yake, akaona kucha za ile mifupa midogo zina umbo lilelile la kucha za ndege mkubwa, na vipande vya kando yake alivyodhani ni vya konokono ni maganda ya yai. Alirudi nyumbani akilia.

"Mwanangu, nimemsingizia mama wa watu," alimwambia binti yake mkubwa, anayesoma wasifu huu. "Miaka thelathini na tisa watoto wa shule wanamcheka mlafi, kumbe alikuwa amemlalia kifaranga wake!"

Alitaka jambo moja tu: kibao kibadilishwe kabla hajafumba macho. Mkurugenzi wa makumbusho alisema litajadiliwa mwakani. Binti huyo alimfuata ofisini mara nne. Alhamisi tarehe 3 Oktoba mkurugenzi akaja wodini, Mama alikokuwa amelazwa, na kibao kipya: "Utafiti mpya umeonyesha kwamba hiki ni kifaranga."

Mama alikisoma, akakirudisha. "Utafiti gani? Nilikosea mimi. Andika jina langu."

Kiliandikwa upya, kikapigiliwa Ijumaa. Jumamosi, saa nne asubuhi, alifariki dunia. Kwa miaka thelathini na minane ya kazi, jina lake halikuwahi kuandikwa popote ukumbini. Sasa lipo, kwenye kosa lake, kama alivyotaka.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Mama yetu apumzike kwa amani. Hana la kusahihisha tena.