Mwalimu Ambindwile na Nyumba Sitini za Tupokigwe

Leo, tarehe 30 Juni 1999, Mwalimu Ambindwile Mwakisyala anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha biashara hapa Tukuyu kwa miaka ishirini na sita. Uongozi umeniagiza niandike wasifu wake kwa maneno ya furaha. Nitajaribu, ila msinilaumu nikishindwa.

Alifika mwaka 1973 akiwa na sanduku la mbao na koti la mvua ambalo analivaa hadi leo. Alipewa somo la utafiti wa masoko, ambalo siku zile lilikuwa kama mzaha. Ungetafiti nini, wakati sabuni ilikuwa ya aina moja na foleni yake moja? Biashara huria ilipoingia, kila mwenye duka akaanza kumtafuta Mwalimu.

Wanafunzi walimbatiza jina la Mzee Chungulia, kwa kuwa aliwataka wachungulie jikoni kabla ya kuuliza swali lolote. Alisema sisi Wanyakyusa hatumvunji moyo mgeni aliyekuja na karatasi. Ukimuuliza mama wa kijiji cha Masoko kama atanunua mvua, atakukaribisha kiti, atakupa ndizi, na atakujibu kwamba atanunua. Tulicheka sana, na wengine wetu tuliishia hapo hapo kwenye kucheka.

Mwaka 1996 kiwanda kidogo cha mtindi cha hapa wilayani kilitaka kununua mtambo wa pili ili kiuze mtindi wa pakiti vijijini. Meneja wake, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, alikuwa na hojaji zake: watu tisa kati ya kumi walisema watanunua. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho, Tupokigwe, binti wa Kinyala, aliuchagua uamuzi huo kuwa mada ya mradi wake wa kumaliza chuo. Mwalimu Ambindwile ndiye aliyemsimamia.

Tupokigwe hakubeba hojaji. Alizunguka nyumba sitini za Kinyala, Masoko na Nkunga akiwasaidia kina mama kuosha vyombo na kumenya ndizi, huku akitazama maziwa yanatoka wapi. Katika nyumba hamsini na mbili yalitoka kwa ng'ombe wa nyumbani, au wa jirani, au wa shemeji. Akashauri mtambo usinunuliwe kwa ajili ya vijiji, bali mtindi upelekwe Mbeya mjini kwa wapangaji wasio na zizi. Kurasa thelathini na moja, kazi safi kuliko zote nilizowahi kusoma chuoni hapa.

Jopo la kusahihisha lilikuwa la watu watatu: mkuu wa chuo wa wakati huo, meneja mwenyewe kama mgeni mwalikwa, na mimi. Meneja alikasirika. Mkuu akatazama dari. Mimi ndiye niliyekumbuka kwamba kanuni zinataka hojaji iambatanishwe, nikaandika kwa mkono wangu kwamba mradi haukufuata utaratibu. Binti akafelishwa, akaondoka bila cheti. Loo, kanuni ni kichaka kizuri cha kujifichia!

Mwalimu alikataa kusaini matokeo. Akanyang'anywa usimamizi wa miradi, akapelekwa kufundisha wa mwaka wa kwanza namna ya kuandika barua za biashara. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtambo ulinunuliwa. Kina mama waliosema watanunua waliendelea kukamua ng'ombe wao, pakiti zikavimba stoo, na mwaka jana kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi thelathini na nane walirudi nyumbani, akiwemo mdogo wangu Ambwene.

Kila muhula Mwalimu aliniletea barua ileile ya kuomba matokeo ya Tupokigwe yasahihishwe, maana kanuni hizohizo zinataka saini ya mjumbe mmoja tu wa jopo. Kila muhula nilimwambia nitaisoma. Binti huyo sasa anauza vitenge sokoni, na ananisalimia kwa heshima zote kila nikipita.

Chuo kinakushukuru, Mwalimu, na kinakupa saa ya ukutani. Tunakuombea afya, mvua ya kiasi na wajukuu wasumbufu. Barua yako nimeisaini leo asubuhi. Meneja amehamia Dar es Salaam, mkuu yule ni marehemu, hakuna tena wa kunitisha. Kwa hiyo usinisifu. Nilipoipeleka ofisini nimeambiwa kanuni zinaruhusu masahihisho ndani ya miaka mitatu tu, na miaka hiyo imetimia tarehe kumi na mbili mwezi huu.

Meshaki Mwaijande
Idara ya Biashara