Mama Sijaona na Mikrobe Wenye Vinywele

Mama Sijaona Hamimu anastaafu tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na miwili katika labo ya zahanati yetu. Alianza kwa kuosha chupa. Anaondoka akiwa mpimaji mkuu, na wengi wetu ni yeye aliyetufundisha kushika darubini.

Kazi aliyoipenda ndiyo tuliyoikwepa sisi wengine: mikojo. Wakati wa vita wanawake walikuja wengi, maana usiku risasi zikilia, nani atathubutu kwenda choo cha uani? Mkojo ukibanwa mpaka asubuhi, mikrobe wanazaana.

Mwaka 1997 Prudence wa mtaa wa Kinama alirudi kwetu na maumivu yaleyale ya mkojo. Mumewe Léonce, mpakiaji wa bandarini, alikuwa ameshaamua: ugonjwa huo umeletwa na mwanamume mwingine, basi mke arudishwe kwao mlimani. Barabara za huko wakati ule tunazijua: watu walikuwa wakiviziwa na kuuawa. Mama akamwomba angoje jibu la labo.

Siku ileile umeme ukakatika, kasha la joto la kuoteshea mikrobe likapoa, na mikrobe hawaoti penye baridi. Mama akaifunga chupa ya mkojo wa Prudence tumboni kwa kitenge, ipate joto la mwili, akaenda nayo kwake mtaa wa Buyenzi. Kwenye kizuizi askari akauliza pale pamefichwa nini. Mama akaeleza yote, mkojo pia. Askari akaruka nyuma: “Pita, mama, pita na batoto bako!” Mimba hiyo tulimtania nayo mwaka mzima.

Asubuhi mikrobe walikuwa wameota: wale wa utumboni, si wa zinaa. Léonce, aliyekuja kuchukua jibu, akasema, “Mi sitaki masomo. Niambie ni nani.” Mama akatoka uani, akachuma kishonanguo, akabandika vimbegu vyake kwenye shati la Léonce, akalimwagia maji. Havikutoka. Ndivyo alivyo mikrobe huyu, akamweleza: anaishi utumboni mwa kila mtu, hata mwako. Akipotea njia akaingia kibofuni, vinywele vyake vinashika ukuta, mkojo haumng'oi. Na njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi. Mikrobe hahitaji mwanamume wa kumleta.

Léonce, shati lake bichi, akauliza dawa inanywewa vipi. Jioni akanunua ndoo yenye kifuniko, mkewe asitoke tena usiku. Nilikuwepo, nikamshukuru Mungu. Prudence yuko kwake Kinama mpaka leo.

Mama Sijaona, asante. Mungu akuzidishie afya na miaka, na nyumba yako isipungukiwe na wageni. Mmoja ameshatuuliza unakaa mtaa gani: ni Léonce, anataka kuja na mkewe.