Mwalimu Jōsen Aachia Kiti cha Mijadala

Baada ya miaka thelathini na minane ya kutufundisha na kutufokea, Mwalimu Jōsen anastaafu leo, siku ya nane ya mwezi wa nne. Anahamia kibanda kilichoko ng'ambo ya ziwa, ambako hakuna mwanafunzi wa kumkera.

Alipojiunga na hekalu letu, madhehebu yetu yalisifika kwa kusoma. Mtawa hakupanda cheo bila kusimama kwenye mjadala, akaulizwa maandiko na kuyajibu neno kwa neno. Watu wa Zen, madhehebu mengine ya Kibudha ya kule Kyoto, wanaokaa wakitazama ukuta na kudai kwamba kweli haisemeki, Mwalimu aliwaita wavivu walionyoosha mgongo. Alipiga marufuku hata chai yao. Aliinywa chumbani kwake, tena kwa wingi.

Kilichompa jina ni mjadala mkuu ambao tulimwalika mtawa wa Zen. Mgeni aliuliza swali jepesi la maandiko, ambalo hata wapishi wetu walilijua. Mwalimu akanyamaza. Akazidi kunyamaza, jasho likimtiririka, mpaka mgeni akainama hadi sakafuni na kukiri kwamba hajawahi kupata jibu zito kiasi hicho. Waamuzi wetu, kwa kuogopa kuonekana washamba, nao wakainama. Mwalimu akavikwa joho la zambarau na kupewa kiti cha mijadala.

Tangu hapo hekalu limepona ugonjwa wa kusoma. Wanafunzi hunyamaza kwa ustadi mkubwa, na maandiko wanayafaidi panya. Mwalimu aligomba, akabembeleza, mwaka jana akalia mbele yetu sote. Alitaka jambo moja tu: kiti chake akikalie mtu anayeyajua maandiko, yasije yakafa naye.

Juzi alimtahini Enkai, mwanafunzi wake wa mwisho na tumaini lake lote. Alimuuliza swali lile alilowahi kuulizwa na mgeni. Enkai akafumba macho, akanyamaza vizuri sana.

"Jibu, mwanangu," Mwalimu akasema. "Mimi siku ile nilikuwa nimesahau tu."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Mkuu wa hekalu alifuta machozi, akasema hajapata kusikia fundisho la kina namna hiyo, kisha akamkabidhi Enkai kiti.

Mwalimu, tunakushukuru kwa yote. Kaishi kwa amani, uzeeke kwa raha. Huku nyuma usiwe na wasiwasi: tumeshaanza mazoezi ya kusahau.