Mama Gramu na Mizani Iliyotoweka Jikoni

Ndugu zangu wa wodi ya wazazi, mimi karani wenu wa masjala nawaomba sana: wasifu huu msiusome kwa sauti, na bwana stoo asiuone hata kwa bahati mbaya. Ule wa kusomwa ukumbini upo, umepigwa muhuri, na hauna neno lolote la maana.

Mkunga wetu mkuu, Mama Gramu, anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Alianza kwa kufua mashuka ya wodi, akasomea ukunga huku analea, na hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Jina hilo lina chanzo chake. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mama mmoja alijifungua salama, kisha akaanza kuvuja damu. Kila aliyepita alitazama, akasema ni ya kawaida. Faili lake ninalo masjala. Limeandikwa "damu kiasi". Baada ya saa mbili alifariki. Kesho yake asubuhi mizani ya jikoni ilitoweka, na mpishi anaitafuta mpaka leo.

Tangu hapo kila kitambaa kilicholowa hupimwa, ukatolewa uzito wa kitambaa kikavu. Gramu zinazobaki ndiyo damu. Zikifika mia tano, Mama Gramu hasubiri ruhusa ya mtu. Hukanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, huagiza sindano, hutafuta kipande cha kondo kilichobaki au mahali palipochanika, na huweka damu kidogo kwenye kichupa aone kama inaganda.

Daktari mmoja mgeni aliwahi kumwambia, "Mama, hiyo ni kidogo tu."

Akajibiwa, "Mwanangu, nimekuuliza wewe au nimeuliza mizani?"

Ilisoma mia nane. Kipande cha kondo kilipatikana, mzazi akaongezewa damu, akarudi nyumbani na mtoto wake na kizazi chake. Sasa daktari huyo ndiye anayeinunulia mizani betri.

Wiki ijayo bwana stoo atakagua kabati la mstaafu. Akiikuta, itarudi kupima unga, nasi tutarudi kwenye "damu kiasi". Nimeandika barua nne kuomba mizani mpya. Nimejibiwa kwamba wodi ya wazazi haipiki. Basi nimeihamishia masjala. Nimeificha katikati ya mafaili.

Mama Gramu, asante kwa kila mama aliyetoka hapa kwa miguu yake. Kapumzike kwa raha, na tafadhali usimpimie baba watoto chakula.

Wenzangu, mkiihitaji, njooni dirisha la tatu la masjala. Msitaje mizani, ulizeni faili la mgonjwa aliyehamishwa. Nikiwa sipo, ufunguo uko nyuma ya kalenda. Na damu ikiwa inatiririka, msihangaike na ufunguo. Vunjeni kioo. Nitajieleza mimi.