Baba Tanuri na Joto Lake la Mchana

Ndugu, jamaa na majirani, mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Jina alilopewa siku hiyo wanalikumbuka wachache. Tangu alipojenga tanuri lake mtaa mzima ulimwita Baba Tanuri, na ukimwita vinginevyo alichelewa kuitika.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa mtaani hadi darasa la saba, mwaka 1966. Hesabu aliziweza, kukaa kitini ndiko kulikomshinda. Mwaka 1968 aliingia uanagenzi kwa mwokaji mmoja mkali, akajifunza kukanda unga na kumeza maneno. Mwaka 1979 alijenga tanuri lake mwenyewe, la matofali na kuni, kwenye kichochoro cha nyuma ya soko.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na binti wa mshona viatu, aliyekuja kununua mkate akalalamika kwamba umeungua. Binti alilalamika wiki nzima, na kila siku alirudi. Walijaliwa watoto wanne.

Sasa, tanuri la matofali halipoi mara moja. Mkate ukishatoka asubuhi, joto linabaki humo hadi jioni. Marehemu alimwita muuza karanga aje achomee karanga zake, kisha akamwita mama wa keki. Wateja wao wakawa wake, na wake wakawa wao. Kichochoro kilichokuwa cha paka kikajaa watu. Mkewe alifurahi, hadi mwaka 1994 lilipopasuka tanuri la mwokaji wa mtaa wa pili. Huyo ndiye tunayemwita Haraka, na ndiye aliyekuwa mshindani mkubwa wa marehemu. Marehemu akamwita naye.

"Baba watoto, umemkabidhi fisi bucha!" mkewe alimwambia.

"Joto lenyewe linapotea bure, mama. Utaliweka kabatini?"

Haraka alioka hapo miezi mitatu. Unga ulipoadimika mwaka 1998, na kinu kikakataa kuwauzia wanunuzi wadogo, ni Haraka aliyekuwa na shemeji yake kinuni. Waliagiza pamoja, yeye, marehemu na mama wa keki, wakaletewa gari zima. Waokaji wengine walifunga milango. Marehemu hakumkumbusha mkewe habari ya fisi, ila siku hiyo alionekana akicheka peke yake.

Mwaka 2021 kifua kilianza kumsumbua, na daktari akamkataza vumbi la unga. Watoto walikuwa wameshika kazi za mbali. Tanuri likapoa, na mkewe akajua kwamba hata mteja wa miaka arobaini hawezi kukaa na njaa akisubiri mtu apone. Ndipo Haraka, naye mzee mwenye mvi, aliposimama mlangoni.

"Shemeji, nipe ufunguo. Mkate wangu ataoka mwanangu. Mimi nitaoka wa huyu bwana."

Alimpa, lakini roho haikutulia. Alibeba kiti akaketi kando ya tanuri kumchunga mtu mzima wa watu. Siku moja akamsikia mteja akiuliza kama ule mkate ni wa Haraka.

"Wangu uko mtaa wa pili," Haraka alijibu. "Huu ni wa mwenyewe. Anaumwa, pita ndani umpe pole."

Mkewe aliinua kiti chake, akaenda kumsimulia mgonjwa, na hakurudi tena kuchunga. Mapato yote yalifika nyumbani, na dawa hazikukosekana hata siku moja. Tunamshukuru Haraka mbele yenu nyote.

Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mkate wa siku hiyo ukiwa umeshatoka.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja. Ameacha pia muuza karanga, mama wa keki na Haraka. Mjane ameagiza hao nao wasomwe pamoja na ndugu.

Jana Haraka aliuleta ufunguo, akauweka mezani kwa adabu. Mjane aliuchukua, akamrudishia kiganjani, akakifumba kiganja chake kwa mikono miwili.

"Kaa nao, shemeji," alisema. "Kesho watu watataka mkate."

Alale salama, mwokaji wetu.